Jinsi ya kuuelewa msuguano: shika mizani ya samaki kabla hujashika fomula

Kila mwaka watoto wa Form Three wanaokuja kusoma kwangu jioni hapa Lamu huniletea kosa moja hilo hilo, na mwaka huu limeletwa na mpwa wangu mwenyewe. Swali lilikua rahisi tu, kabati la kilo 60 liko sakafuni, myu (ile namba ya kuonyesha kabati na sakafu vinashikana kiasi gani) ni 0.5, mtu analisukuma kwa niutoni 100 (niutoni ni kipimo cha nguvu, kilo moja ina uzito wa kama niutoni 10) na halisogei, je msuguano ni ngapi? Akashika kalamu mbio mbio, 0.5 mara 600, akaandika 300 akanipa daftari. Nkamwambia haya inuka, twende chumbani kwa nyanya yako tukalisukume lile kabati lake la mvule. Akaliegemeza kiganja akasukuma kidogo, kabati kimya. Nkamuuliza, wewe umesukuma kwa 100 na sakafu inalirudisha kwako kwa 300 kama ulivoandika, sasa mbona kabati halijakujia likakubana ukutani? Akanyamaza, akalisukuma tena, safari hii kwa nguvu zaidi, alafu akaniangalia. "Mjomba, kwani msuguano unajibu kiasi cha vile unavosukumwa?"

Ndo hapo hapo. Ukilielewa hilo neno lake umeuelewa msuguano, na usipolielewa unaweza kukariri fomula zote za frikisheni na bado ukakosa swali la kwanza kabisa kwenye karatasi. Msuguano haukai pale na kiasi chake mfukoni ukikungoja, unajibu. Ukisukuma kwa 10 unajibu 10, ukisukuma kwa 100 unajibu 100, ukiacha kusukuma unaacha, ni sifuri, kabati lililokaa tu chumbani bila kuguswa halina msuguano wowote na sakafu ya bapa. Ila kujibu huko kuna mwisho wake, na ule mwisho ndo unaotafutwa kwa myu. Yaani 300 aliyoandika mpwa wangu haikua uongo, lakini hilo ndo paa, na yeye alikua bado yuko chini kwenye 100.

Sasa nataka ufanye mwenyewe kwa mikono, manake mimi nimeona mtu akishavuta mara moja kwa mkono wake hasahau tena, na aliyesoma tu husahau kabla ya wiki kuisha.

Mizani ya samaki

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki, yenye springi ndani na ndoano chini. Kama huna, kaazime sokoni saa za mchana samaki wakishapungua. Tafuta na kibao bapa, ukipigilie msumari mmoja upande wa mbele wa kufungia uzi, alafu pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili. Kibao changu kina kilo moja kasoro kidogo, kwa hivo vyote pamoja tuseme kilo 5. Weka kibao juu ya meza ya mbao, unga juu yake, funga uzi, tia ndoano, uilaze mizani iwe sawa na meza. Hapa kabla hujavuta angalia sindano, mizani hizi zimetengenezwa kuning'inia, ukiilaza saa zingine sindano haikai kwenye sifuri, basi andika ilipo ili uje kutoa hesabu baadaye.

Haya vuta, lakini pole pole sana kama mtu anayetoa mwiba. Usiangalie kibao, angalia sindano. Itapanda nusu kilo, kibao kimya. Itapanda kilo moja, kimya. Kilo moja na nusu, bado. Wakati wote huo msuguano unakujibu sawa sawa na unavovuta, usingekua unakujibu sawa kibao kingekua kimeshaondoka. Kwangu sindano ilifika karibu kilo 2, kibao kikashtuka kikaondoka, na hapo hapo sindano ikarudi chini kwenye kilo 1 na nusu hivi na ikabaki hapo muda wote nilipoendelea kukivuta kwa mwendo ule ule. Rudia mara tano, usiamini ya kwanza, manake mkono wa mwanzo huwa na haraka.

Umeona vitu viwili hapo. Cha kwanza ni ule mwisho wa msuguano tuli, ile 2 ya kabla ya kuondoka. Cha pili ni msuguano wa mwendo, ile 1 na nusu, ambao ni mdogo kuliko mwisho wa ule wa kwanza na haubadiliki sana ukivuta haraka kidogo au taratibu kidogo. Gawanya kwa mzigo: 2 gawanya kwa 5 ni 0.4, na 1.5 gawanya kwa 5 ni 0.3. Hizo ndo myu zako mbili, kizigeu cha msuguano tuli na kizigeu cha msuguano wa mwendo. Na umeona hukuhitaji kugeuza kilo kuwa niutoni, kwa sababu ukizidisha juu kwa 10 na chini kwa 10 vinakatana. Kwenye mtihani lakini geuza, mwalimu anataka niutoni.

Sasa ongeza pakiti ya tatu, vyote viwe kilo 7. Sindano itafika wapi kabla ya kuondoka? Mwambie mtoto abashiri kwanza aandike, alafu avute. Itakua karibu 2.8. Mzigo ukizidi msuguano nao unazidi kwa kiasi kile kile, myu inabaki 0.4. Alafu fanya jambo ambalo kila mtu hulikataa mpaka alione: chukua tofali au kipande cha mbao chenye pande nene na nyembamba za ulaini mmoja, kivute kikiwa kimelala, alafu kisimamishe kwa ubavu ule mwembamba ukivute tena. Sindano inafika pale pale. Upana hauna habari. Mfaransa Guillaume Amontons aliyaandika haya mawili mwaka 1699, kwamba msuguano unafuata mzigo na haufuati upana, na Leonardo da Vinci alikua ameshayachora kwenye madaftari yake miaka kama 200 kabla yake lakini hakuyatoa watu wakayasoma. Coulomb, yule yule wa mambo ya umeme, akaja kuyapima kwa urefu zaidi mwaka 1785.

Mbona upana hauna habari? Mimi hili lilinisumbua miaka mingi, kwenye kitabu changu cha shule liliandikwa kama amri tu bila sababu. Sababu ni kwamba kibao na meza havigusani vile unavodhani. Ukipitisha kidole juu ya meza unaiona laini, lakini kwa macho ya darubini kali ni kama ule ukuta wa matumbawe ambao haujapigwa lipu, vilima na mashimo, na vitu viwili vikikutana vinagusana kwa ncha za vile vilima tu, sehemu ndogo mno ya upana wote. Wanasayansi Bowden na Tabor wa chuo kikuu cha Cambridge ndo waliolionyesha hili vizuri karne ya 20. Ukilaza kibao ncha zinazogusana ni nyingi lakini kila moja inabeba mzigo mdogo, imebonyea kidogo. Ukikisimamisha kwa ubavu ncha ni chache lakini kila moja imekandamizwa sana ikabonyea sana. Ukijumlisha, sehemu inayogusana kweli kweli ni ile ile, manake inaamuliwa na mzigo. Ukiongeza unga ncha zinabonyea zaidi, kugusana kunazidi, msuguano unazidi. Mambo yote mawili yanatoka kwenye kisima kimoja.

Na hapo hapo ondoa ile imani kwamba kitu kikiwa laini zaidi lazima kiteleze zaidi. Kulainisha kwa msasa kunasaidia mpaka mahali, baada ya hapo vyuma viwili vilivyosafishwa sana na kunyooshwa sana vinaweza kushikana vibaya, kwa sababu ncha zimekua nyingi na zimekaribiana mno. Mpira nao una mambo yake, ule hauzifuati hizi kanuni sawa sawa kwa sababu unabonyea na kuingia kila shimo, kwa hivo usishangae ukivuta ndara juu ya sementi namba zikakuchezea.

Ubao wa kuinamisha

Kama mizani imekosekana kabisa kuna njia ambayo mimi naipenda kuliko zote na haitaki chochote ila ubao wa mita moja na rula. Weka kitu juu ya ubao, inua upande mmoja taratibu mpaka kitu kianze kuteleza, shika hapo hapo usitikise, mwenzako apime urefu wa kutoka sakafuni mpaka ncha ya juu ya ubao, alafu apime sakafuni kutoka chini ya hio ncha mpaka pale ubao unapoanzia. Gawanya kimo kwa msingi. Ukipata kimo sentimita 37 na msingi 93, jibu ni 0.4, na hio ndo myu ya msuguano tuli bila kujua uzito wa kitu chenyewe.

Inakuaje? Ukiinamisha ubao uzito wa kitu unagawanyika, sehemu inakivuta kitu kuteremka na sehemu inakikandamiza kwenye ubao. Kadri unavoinua, ile ya kuteremka inakua na ile ya kukandamiza inapungua, na siku zote moja ukiigawanya kwa nyingine unapata kimo gawanya kwa msingi. Kitu kinaondoka pale ya kuteremka inapoipita myu mara ile ya kukandamiza. Basi. Wale waliofika kwenye tanjenti wanajua tayari ninachosema, wale ambao bado, rula inatosha.

Fanya na boksi tupu, alafu lijaze mchele ufanye tena. Yanaondoka kwenye mwinamo mmoja! Mpwa wangu alirudia hii mara sita kwa sababu alikua na hakika boksi zito litakwama zaidi, na dada yake mkubwa alikua na hakika litawahi kuteleza, wakabishana mpaka adhana ya Isha. Wote wawili walikua na nusu ya ukweli. Boksi zito linavutwa chini zaidi, na pia linashikwa zaidi, vinaongezeka pamoja, mwinamo haubadiliki. Kwa hivo ukimuona punda na shogi zimejaa mchanga anateremka mahali penye mwinamo na utelezi, usidhani uzito peke yake ndo utaifanya kwato yake iteleze, angalia kwanza kilichoko kati ya kwato na jiwe.

Na tukiwa kwa punda, kitu kingine. Watoto wanafundishwa msuguano ni wa kuzuia, wanachora mshale kinyume na mwendo kila mahali. Sasa punda anatembeaje? Kwato inalisukuma jiwe kwenda nyuma, na jiwe kwa msuguano linamsukuma punda kwenda mbele. Mshale kwenye kwato unaelekea mbele, upande ule ule anaoenda. Msuguano unapinga kule kuteleza kwa kwato juu ya jiwe, haupingi safari ya punda. Ukiwa na shaka mshale uelekee wapi jiulize, kama hapa pangepakwa mafuta ghafla, hiki kitu kingeteleza kuelekea wapi? Msuguano unaelekea kinyume cha hapo. Swali hilo halijawahi kuniangusha.

Chombo kikishushwa

Kama umewahi kuona mashua ikishushwa majini, Matondoni au popote wanapounda vyombo, umeshaiona fizikia hii yote mara moja. Tuchukulie chombo cha tani 3, yaani kilo 3,000, uzito wake niutoni 30,000. Kikiburutwa mbao kavu juu ya mbao kavu na myu ya 0.4, mwisho wa msuguano tuli ni 12,000. Mtu mmoja mwenye nguvu zake aliyesimama vizuri tumpe 300, basi unahitaji watu 40 kwenye kamba. Sasa wapake shahamu kwenye zile mbao za chini, tuseme myu ishuke mpaka 0.15, mwisho unakua 4,500, watu 15 wanatosha. Ile shahamu inaingia kati ya vilima ikaziba mashimo, ncha hazigusani sana tena, kinachoteleza ni mafuta juu ya mafuta. Na ukitia magogo ya mviringo chini, na ardhi ikiwa ngumu, inapungua tena sana kwa sababu sasa hakuna kinachoburutwa, kuna kinachobingirika. Kwenye mchanga laini gogo linazama na faida inapotea, ndo maana wanatandika mbao kwanza.

Lakini kitu ninachotaka ukitazame kwa karibu ni ile sauti. Mmoja anaita, wote wanaitikia, na kamba inavutwa pale pale kwenye kuitikia. Watu 15 wakivuta kila mtu kwa wakati wake, hakuna dakika hata moja ambayo jumla inafika 4,500, huyu akifika mwisho wa nguvu zake yule anapumua, na chombo kinajibu kila mmoja kiasi chake bila kusogea hata inchi. Wakivuta kwa pamoja kwenye neno moja, mwisho unapitwa. Alafu chombo kikishaanza kwenda utasikia wazee wanapiga kelele kisisimamishwe, kisisimamishwe! Manake kikiwa kwenye mwendo kinadai msuguano wa mwendo tu, ambao ni mdogo, kikisimama mnarudi kuupanda ule mlima wa kwanza upya. Hawa wazee wengi hawakusoma hata ukurasa mmoja wa fizikia na mimi nilikaa darasani miaka minne ndo nikayajua.

Kamba nayo ina somo lake. Boti ikija gatini baharia hashindani nayo kwa mikono, anaizungusha kamba kwenye nguzo mara mbili tatu alafu anashika ncha kwa mkono mmoja. Kila mzunguko unazidisha, haujumlishi. Kwa myu ya 0.3 mzunguko mmoja mzima unakupa uwezo wa kuzuia karibu mara 6 na nusu ya unavoshika, miwili karibu mara 43, mitatu karibu mara 285. Yaani ukishika ncha kwa nguvu ya kuzuia kilo moja tu na una mizunguko mitatu, upande wa pili kamba inazuia kilo 285. Na kipenyo cha nguzo hakina habari, nguzo nene au nyembamba ni sawa, kinachohesabiwa ni mizunguko. Tahadhari tu, usitie vidole kati ya kamba na nguzo, kamba iliyokaza hailegei kwa sababu umepiga ukelele.

Tuje kwenye maji sasa, manake hapa watu huchanganya. Ngazi za gati zenye ukoga wa kijani zinateleza vibaya maji yakitoka, kwa sababu ukoga na maji yanakaa kati ya ndara na jiwe kama ile shahamu. Lakini mchanga wa Shela karibu na maji, ule uliolowa, unatembea juu yake vizuri kuliko ule mkavu wa kwenye matuta. Mbona hapa maji yanashika na pale yanatelezesha? Kwenye mchanga maji kidogo yanaziunganisha chembe, mchanga unakua mgumu, mguu hauzami. Kuna picha ya kale Misri kwenye kaburi la mkuu mmoja aitwae Djehutihotep, ya kama miaka 1900 kabla ya Masihi, watu wengi wanaburuta sanamu kubwa juu ya kitu kama sleji, yaani chombo cha kuburutwa kisicho na magurudumu, na mtu mmoja amesimama mbele anamwaga maji mchangani. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Amsterdam wakajaribu kwa sleji ndogo, wakakuta mchanga ukiwa na maji ya kiasi chake nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu, kwa sababu mchanga mkavu unajikusanya mbele ya sleji kama kilima na uliolowa kiasi haufanyi hivo. Maji yakizidi yanaharibu. Kwa hivo mtu akikuuliza maji yanapunguza msuguano au yanaongeza, muulize wewe kwanza, kati ya nini na nini, na kiasi gani?

Ukikaa na karatasi

Haya sasa daftari. Mimi nawalazimisha wanafunzi wangu wafuate mpango mmoja na siwaruhusu kuruka, hata swali likiwa la kitoto. Kwanza chora, mishale yote. Alafu tafuta nguvu ya sakafu, ile sakafu inavokisukuma kitu kuelekea juu, na usiandike tu kwamba ni sawa na uzito, iulize. Alafu tafuta mwisho wa msuguano tuli, myu ya tuli mara nguvu ya sakafu, uandike pembeni uuzungushie duara, hilo bado sio jibu ni paa tu. Alafu linganisha na msukumo. Msukumo ukiwa chini ya paa, kitu hakisogei na msuguano ni sawa na msukumo, umemaliza. Msukumo ukipita paa ndo unabadilisha unatumia myu ya mwendo.

Mfano, boksi la kilo 20, myu ya tuli 0.5, ya mwendo 0.4. Uzito 200, sakafu inasukuma 200, paa ni 100. Ukisukuma kwa 60, msuguano 60, halisogei. Ukisukuma kwa 120 umepita paa, boksi linaondoka, msuguano sasa ni 0.4 mara 200 yaani 80, inabaki 40, gawanya kwa kilo 20, linaongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Na ukilisukuma kwa 90 wakati tayari linaenda? Wengi wanasema linasimama kwa sababu 90 haijafika 100. Hapana, likiwa kwenye mwendo linadai 80 tu, 90 inatosha na inabaki 10 ya kuliongezea kasi. Paa la 100 lilikua la kuondokea.

Sasa kwa nini nimesema iulize sakafu. Boksi lile lile, ukilifunga kamba ukavuta kwa kuinua kidogo, tuseme sehemu ya kuelekea juu ni 40, sakafu inabaki na 160 ya kubeba, paa linashuka mpaka 80. Ukilisukuma ukiwa umeliinamia kwa juu, mikono inakandamiza 40 kuelekea chini, sakafu inabeba 240, paa linapanda mpaka 120. Boksi moja, sakafu moja, 80 na 120. Ndo maana kuvuta mzigo kwa kamba ya begani kunachosha kidogo kuliko kuusukuma ukiwa umeulalia, na ndo maana aliyeandika 200 bila kufikiri anakosa swali lote.

Breki nazo zipitie hapa kwa ufupi, manake vijana wa bodaboda ni wengi siku hizi. Tairi inapobingirika vizuri, ile sehemu inayogusa barabara kwa sekunde hio haitelezi, kwa hivo inayokusimamisha ni msuguano tuli, ule wenye paa kubwa. Ukiikamata breki mpaka tairi ikafunga ikaanza kuburuta, umejishusha kwenye msuguano wa mwendo, na usukani haukusikii tena. Kwa kasi ya kilomita 54 kwa saa na myu ya 0.7, hesabu inakupa mita 16 za kusimama. Barabara ikilowa myu ikawa 0.4 ni mita 28. Na hapo sijahesabu ule muda wa wewe kushtuka. Kuongeza abiria wa pili hakubadilishi hizo mita kwenye hesabu hii, kwa sababu ile ile ya boksi la mchele, kasi lakini inazibadilisha vibaya, ukizidisha kasi mara mbili mita zinakua mara nne.

Mpwa wangu siku ya tatu alichukua ule ubao wa mita moja akaulowesha maji ya sabuni, alafu akapanga ndara zote za nyumbani akazipima moja moja, kila ndara ametia kilo ya mchele ndani ya mfuko juu yake. Ndara yake mpya iliondoka kimo kikiwa 41 na msingi 91, hio ni 0.45. Ya nyanya yake, ile anayoingia nayo msalani kila alfajiri kutawadha, nyayo zimeshalika zimekua kama kioo, iliondoka kwenye 24 na 97, hata 0.25 haikufika. Akaandika zile namba mbili kwenye karatasi akampelekea mamangu kitandani, akamuelezea ile ya vilima na mashimo kuanzia mwanzo, mamangu akasikiliza mpaka mwisho, na jioni ile ile, ile ndara ya zamani ikatupwa, tukamnunulia nyingine yenye meno.